Gango

Ngazi ya tatu ya nyumba ya Bi Petrie
haikuonekana kuwa na kitu.
Barafu ya Dundee haijitangazi;
hulala juu ya jiwe, nyeusi kama jiwe,
ikingoja soli.
Nilibeba barua mbili na katalogi ya mbegu za maua.
Katalogi ilifika mlangoni kabla yangu.

Mtu akianguka hunyosha mkono.
Hakuna aliyetufundisha; mkono wenyewe
hujitolea kuwa wa kwanza.
Nikasikia ta! Bua kavu la mhindi.
Nilipoutazama ulikuwa umepinda
kama uma uliolazwa kifudifudi mezani.

Bi Petrie akatoka na ndara zake,
akanifunika blanketi lenye manyoya ya paka.
Nyonga yake ilivunjika mwaka wa theluji nyingi,
sasa ana chuma ndani.
"Hunieleza mvua," akasema, "kabla ya redio."

Hospitalini walianza kwa kukata pete,
kidole kilikuwa kinavimba.
Ikaja picha: mfupa wangu, mweupe,
mbali nami kama wa mtu nisiyemjua.
Daktari, msichana wa Inverness, kalamu sikioni,
akaonyesha: hapa umekatika,
hapa kipande kimempanda mwenzake.
Tutakivuta kirudi.
Sindano ikaulaza mkono. Muuguzi akashika kiwiko,
yeye akashika kiganja kama anayenisalimia,
wakavutana,
nami nikawa kamba.

Jioni mama akapiga simu kutoka Lushoto.
Umeteguka au umevunjika?
Nimevunjika.
Wamekufunga nini?
Hogo.
Akanyamaza. Yeye ni binti wa mwunga mifupa;
alikua akimshikia baba yake magango ya mianzi
huku mzee akiusoma mfupa kwa vidole, bila picha.
Wameviacha vidole nje?
Wameviacha.
Vichezeshe. Vikigeuka buluu, ganzi ikipanda,
usingoje asubuhi. Rudi.
Maneno yaleyale ya karatasi niliyopewa,
ila karatasi haikuniita baba.

Wiki sita za kuvaa shati kwa mkono mmoja
na kuwaza mambo ya kijinga:
kwamba mchuzi huungwa na mfupa huungwa,
kwamba bizari ni kiungo na kiwiko ni kiungo.
Wala si daktari aliyeniunga.
Yeye alisawazisha, akafunga mlango.
Humo gizani damu iliganda,
ikawa utelezi, ikawa gegedu,
ikawa nundu nene kuliko haja,
kazi ya fundi asiyeuamini ukuta wake,
akazidisha saruji.

Hogo likakatwa. Ukatoka mkono wa mgeni:
mwembamba, wenye nywele, unanuka soksi.
Bwana Gilfillan wa mazoezi akasema:
kunja, nyosha, kamua sifongo,
sasa geuza kiganja kitazame dari.
Kikagoma nusu ya njia.

Na kila nilipoomba dua ikawa hivyo:
cha kushoto kinatazama mbingu,
cha kulia kinatazama ukuta,
kama mtoto anayetaka
ila hataki aonekane anaomba.

Sasa ni Machi. Digrii kumi bado hazijarudi.
Nazijua kwa maji ya udhu:
nikiyakinga yanachungulia ukingoni,
kisha yanaondoka.

Bi Petrie amemwaga chumvi ngazini,
ngazi ya tatu nyeupe kama picha ile.
Napanda nimeshika reli, kwa mkono wa kulia, makusudi.
Ana barua moja, ya kliniki ya nyonga.
Anafungua dirisha kabla sijabisha:
"Mvua, saa tisa."
Najua, namwambia,
nikikisugua kifundo cha mkono.